Lori la Simu ya Upepo na Jina Lake

Mtu aketiye kibarazani hapa Nyashimo, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, likimpitia mbele yake lori lenye herufi JW katika bati la namba, husema kuwa ni gari la jeshi, akaridhika kana kwamba amekwisha kulijua. Ilhali bati lile limemwambia mwenye gari, halikumwambia kazi yake. Namna ya kuitia kazi ndani ya jina ni elimu mbali, na mfano wake ulio bayana ni wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, lile ambalo askari wa Tanganyika, katika vikosi vya 26 na 36 vya King's African Rifles, walilitumikia mpaka Burma.

Mwaka 1941 kampuni ya Vauxhall ya Luton ilianza kuunda lori la Bedford la tani 3, lenye magurudumu manne yavutayo yote, likaitwa QL. Chasisi ilikuwa moja, uzao wake mwingi: QLD la shehena, QLT la kuchukulia askari, QLB la kukokotea mzinga wa Bofors, na QLR lililobeba mgongoni nyumba ya simu ya upepo. Lakini herufi hizo zilikuwa msemo wa kiwandani. Katika daftari za jeshi liliandikwa hivi: lori, tani 3, manne kwa manne, simu ya upepo. Nami kila nikiusoma mpangilio huo hucheka kidogo, maana Mwingereza, ambaye katika mazungumzo yake hutanguliza sifa kisha ndipo ataje kitu, alipoingia ghalani alilazimika kunena kama sisi, kitu kwanza na sifa zake zikifuata nyuma, kwa kuwa karani atafutaye katika orodha ndefu huanza kwa jinsi kabla ya kuuliza namna.

Kulitambua kwa macho kulikuwa na mashaka zaidi, kwani nyumba ile ile ilitumika pia kuwa ofisi ya amri, na kadhalika ofisi ya waandishi wa maneno ya fumbo. Zikahitajiwa alama za rangi. Mraba mweupe juu na wa buluu chini ulikuwa wa Royal Signals, nacho kichwa cha kifaru kilikuwa cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kifaru mnyama, nasema, si kifaru wa chuma, ambaye namba yake ilitanguliwa na herufi T. Magari madogo ya ratili 1,680 yalipewa Z, na malori L. Herufi hiyo haikubagua: lori la simu ya upepo na lori la unga, yote mawili yaliandikwa L.