Springi Namba 24

Ombi la hataza likishapokelewa na ofisi ya hataza ya Marekani, kule Alexandria, Virginia, halifutwi kwa raba. Kila neno lililomo limekwisha kupewa tarehe. Anayetaka kurekebisha lazima aache alama za mkono wake zionekane, na hapo ndipo ustadi wa wakala wa hataza unapoanza.

Chukua pampu ya maji. Kwenye mchoro wa 2, springi imepewa namba 24. Aya ya 31 ya maelezo inataja springi 42, na 42 ni kifuniko. Wakala mzoefu haikimbilii kalamu. Anaisoma hati yote tena polepole, akitafuta kila mahali springi ilipotajwa, kisha anarudi kwenye michoro. Ana maswali mawili. Fundi wa pampu akisoma hapa, ataona kwamba pamekosewa? Na akiona, atajua bila kubahatisha kilichopaswa kuandikwa? Jibu likiwa ndiyo mara zote mbili, njia ni nyeupe. La sivyo anasita, kwa sababu sheria inakataza kuingiza jambo jipya baada ya ombi kuwasilishwa, hata mvumbuzi akiapa kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Sasa anaandika. Haleti namba peke yake. Analeta aya nzima, na kutaja ni ipi inayobadilishwa. Kilichoongezwa kinapigiwa mstari chini. Kilichoondolewa kinakatwa kwa mstari katikati, isipokuwa pale mkato usipoonekana vizuri. Tarakimu 4, kwa mfano, ina mstari wake tayari. Ikikatwa, msomaji anaweza asijue. Kwa hiyo namba huzungushiwa mabano ya mraba, mawili kila upande: springi [[42]], halafu 24 yenye mstari chini. Naipenda kanuni hii. Aliyeitunga alimfikiria mkaguzi mwenye macho yaliyochoka.

Kwenye madai mwendo unapungua zaidi, maana madai ndiyo yanayoweka mipaka ya haki ya mvumbuzi. Hata likiguswa dai moja tu, yote huorodheshwa kwa mfuatano, na kila moja hutajiwa hali yake, kwa mfano: la awali, limerekebishwa sasa, limefutwa, jipya. Dai lililofutwa hubaki namba tupu, na muda wote wa uchunguzi namba hiyo haipewi dai jingine. Mchoro nao ukiwa na kosa, karatasi yake yote huchorwa upya na kuandikwa juu kwamba ni karatasi mbadala.

Kabla ya kutuma, wakala anailaza nakala ya zamani kando ya mpya na kuzilinganisha herufi kwa herufi, mkato kwa mkato. Anachokitafuta ni badiliko lililoingia bila alama, maana kwa hilo tu ofisi inaweza kuyarudisha marekebisho yote. Ni kazi isiyosifiwa na mtu, na ikifanywa vizuri hakuna atakayejua ilifanyika.

Kosa dogo la uandishi likigunduliwa baada ya hataza kutolewa, bado kuna cheti cha masahihisho, kinachohesabiwa kuwa sehemu ya hataza yenyewe. Mwenye hataza akiwa ndiye aliyekosea, hulipa ada. Ikikosea ofisi, halipi kitu.