Chumba, Mtaa na Mhusika: Kuisoma Coming to Birth Katika Zama za Ukarabati

Makala haya yanahoji jambo moja: mtaa mkongwe wa wafanyakazi unapokarabatiwa, ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa? Tunaliendea swali hili kupitia riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), ambayo sehemu kubwa ya mandhari yake ni Nairobi ya makabwela.

Ni rahisi kuichukulia Pumwani ya riwaya hii kuwa usuli tu wa matukio. Usomaji huo hautoshi. Paulina anapowasili mwaka wa 1956 kumfuata mumewe, Martin, mji ni fumbo kwake. Akitoka hospitalini anapotea njia. Kukomaa kwake kunapimwa kwa jinsi anavyozifahamu njia, majirani na taratibu za mji. Riwaya inapofikia mwaka wa 1978, mji umekuwa sehemu ya maarifa ya mhusika, wala si kuta zinazomzunguka tu.

Hata hivyo, Macgoye haupambi ufukara. Chumba kimoja cha mfanyakazi ni zao la sera ya kikoloni iliyomtaka Mwafrika mjini awe kibarua wa kupita, asiye na mke wala watoto. Anayetaka nyumba za aina hiyo ziachwe zilivyo, eti ni kumbukumbu, anawasahau waliobanana ndani yake.

Lakini anayezibomoa, au anayezikarabati kisha akapandisha kodi, anasahau jambo zito zaidi. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwaka wa 1939, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Mwaka wa 2020, mtaa wa nyumba za kaunti uliobeba jina lilo hilo nao ulibomolewa ili kupisha maghorofa. Mara zote mbili jina lilisalia; la kuulizwa ni nani aliyesalia nalo.

Kwa maoni yetu, kipimo cha ukarabati si uzuri wa kuta. Kipimo ni iwapo mpangaji wa jana anaweza kurejea na kulipa kodi kwa ujira wake ule ule. Asiporejea, mtaa unakuwa kama riwaya iliyobakiziwa mandhari na kunyang'anywa wahusika. Naye Paulina, baada ya miaka yote ya kujifunza njia, atakuwa amepotea tena.