Mkono Unaopima Vipimo

Kazi ya fundi ninayemtazama ni kukagua pipeti, kile kifaa cha mkononi ambacho maabara hukitumia kunyonya kimiminika kidogo kidogo. Ya kwanza mezani ni ya mikrolita 1,000. Maji yaliyokenekwa aliyaweka chumbani saa kadhaa kabla, yapate joto la chumba. Kipimajoto kinasoma nyuzi 20; anaandika. Feni imezimwa, kwa sababu mizani yake huhisi hata sehemu ya elfu kumi ya gramu.

Anachomeka ncha mpya, ananyonya maji na kuyamwaga mara kadhaa ili ilowe ndani. Kidole gumba kinabonyeza hadi kituo cha kwanza. Pipeti imesimama wima, ncha imezama milimita mbili tatu tu. Kidole kinaachia taratibu, maji yanapanda, naye anangoja kidogo kabla ya kuitoa. Akiharakisha, kiputo cha hewa huingia. Anagusisha ncha kwenye ukuta wa kikombe cha mizani, anabonyeza hadi mwisho, kisha anaipandisha ikiwa bado inagusa ukuta, tone la mwisho lisibaki. Anafunga mlango wa kioo na kungoja tarakimu zitulie. Mara kumi, na mwendo wa mkono haubadiliki.

Gramu 0.985. 0.984. 0.985. Namba zimeshikana, lakini fundi hajaridhika. Kwa joto hili, mililita moja ya maji ikipimwa hewani huwa karibu gramu 0.997. Pipeti inapunja mikrolita 12 hivi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 kinaruhusu 8 tu. Kosa la aina hii haliondoki kwa kurudia. Ungepima mara mia, wastani ungebaki pungufu. Anachukua ufunguo wa marekebisho, anauzungusha kidogo, anaanza kumi nyingine.

Pipeti ya pili inatoa 0.996, 0.979, 0.988. Ingekuwa rahisi kuzungusha ufunguo hadi wastani upande, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi: ufunguo hakuugusa. Aliifungua, akakuta mpira wa kuziba hewa umechakaa, akaubadilisha, ndipo akarudi kwenye mizani.

Wenye maabara, pelekeni pipeti zenu zikakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Mkirudishiwa, someni cheti chote: wastani umekosea kwa kiasi gani, na vipimo vimetawanyika kiasi gani.