DVD Iliyobaki Kwenye Droo

Fundi wa seva hupokelewa vizuri popote. Anafika na begi lake, anafungua mashine, anaandika kwa kasi kwenye skrini nyeusi, na jioni taa ndogo za kijani zinaanza kumemeta. Watu wanafurahi, soda zinafunguliwa, fundi analipwa. Siku hiyo mimi simpimi. Namsubiri aondoke, kisha navuta droo ya meza. Nikikuta DVD aliyotumia, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono, najua kazi ni nzuri. Nikikuta droo tupu, hata taa ziwe mia, fundi huyo amewakodishia seva. Siku seva ikilala, itabidi mumtafute yeye.

Kipimo hiki kimezaliwa na mahali kama Bibokoboko, katika nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini. Mji wa Baraka upo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda Bibokoboko ni kupanda, na kila unavyopanda joto la ziwa linakuacha, unaingia kwenye baridi, majani na ng'ombe. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam akisahau kitu, hukipakua upya huku akinywa chai. Huku juu, ambacho hukupanda nacho hakipo. Ndiyo sababu programu ya seva husimikwa kwa DVD, na ndiyo sababu DVD hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe.

Vya kuhifadhi havikosekani: daftari za ubatizo na ndoa, matokeo ya wanafunzi, picha za harusi, sauti za wazee wakisimulia koo na malisho. Oktoba 2021 Bibokoboko ilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wengi wakakimbia. Mtu hukimbia na mtoto mgongoni. Daftari halina miguu. Anayeweka kumbukumbu kwenye seva baada ya hapo hatafuti fahari ya teknolojia. Anataka nakala ambayo moto wa nyumba moja hautaimaliza.

Kwa hiyo ukiitwa kuikagua kazi ya namna hii, au ukitaka kumlipa fundi bila kujuta, fuata mpangilio huu.

Shika DVD, ielekeze dirishani

Geuza upande unaong'aa na uuinamishe kidogo kwenye mwanga. DVD iliyochomwa huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na sehemu iliyoandikwa hubadilika rangi kidogo, kama kitambaa kilichoguswa na maji. Utaona mpaka wa duara.

Mpaka huo unasema mengi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Debian, ambayo ni msingi wa programu kadhaa za seva, hutolewa kwa sura zaidi ya moja. Kuna ile ndogo ya megabaiti mia kadhaa, ambayo huanzisha kazi tu na mengine huyavuta mtandaoni. Kuna na ile kubwa, inayokaribia kuijaza DVD nzima. Kwenye mwanga, ile ndogo ni pete nyembamba kuzunguka tundu; ile kubwa hufika karibu na ukingo. Fundi anayepanda mlima na pete nyembamba atafika, ataanza kwa mbwembwe, mashine itaomba mtandao, naye atashuka na aibu yake.

Kisha geuza upande wa maandishi. Jina la programu na toleo lake viwe vimeandikwa kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Kalamu ya risasi au ya bik ina ncha ngumu, na kwenye CD hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana: tabaka la data la CD liko chini tu ya rangi ya juu, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa jina huua zaidi ya mkwaruzo wa upande unaong'aa. DVD ina nafuu, kwa kuwa data yake imelala katikati ya vipande viwili vya plastiki, kama nyama ndani ya mkate. Lakini mkono uliozoea adabu hauchagui.

Mwisho, uliza namba ya uhakiki. Kila toleo la programu nzuri hutangazwa pamoja na alama ya SHA-256, mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Fundi aliyekamilika ameilinganisha alama hiyo akiwa Baraka, baada ya kupakua na kabla ya kuchoma. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani. Asiyejua unachomuuliza alichoma alichokipata na kuomba Mungu.

Wakubwa wa fani hii wanaukumbuka utamaduni wa diski kwa hamu. Kuanzia 2005 hadi 2011, mradi wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulituma CD bure kwa posta kwa aliyeomba. Bahasha ile iliwafundisha watu kwamba programu ni kitu cha kushikwa, kutunzwa na kuazimwa. Bibokoboko bado inalihitaji somo hilo.

Maswali matatu ambayo fundi huyapita mbio

Programu ikianza kusimikwa huuliza maswali. Fundi wa haraka hugonga kitufe cha kukubali mfululizo kama anayefukuza kuku. Simama nyuma yake kwenye maswali matatu.

La kwanza ni kibao cha herufi. Kongo tumerithi kibao cha Kifaransa, ambamo A imekaa mahali pa Q, na tarakimu hutoka kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Mashine zinazovuka ziwa kutoka Tanzania huja na kibao cha Kiingereza. Fundi akikubali mpangilio wa Kiingereza huku vidole vyake viko kwenye kibao cha Kifaransa, anadhani ameandika neno la siri «Baraka2024», kumbe seva imeandika «Bqrqkq@)@$». Yeye hatagundua, maana kila akirudia kwenye kibao kilekile linakubali. Kesho katibu ataandika neno lilelile kwa usahihi kutoka kompyuta nyingine, na seva itamkatalia kama mlinzi asiyemjua mwenye nyumba.

La pili ni saa. Nchi yetu ina majira mawili ya saa. Fizi hufuata majira ya Lubumbashi, saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Kigoma ng'ambo ya ziwa. Fundi akichagua Kinshasa kwa sababu ni mji mkuu, kila hati itabeba saa ya uongo. Ni kosa dogo, ila linakuonyesha mtu asiyesoma anachokikubali.

La tatu ndilo huua: programu isimikwe kwenye diski ipi? Orodha hutokea kwa majina makavu, sda, sdb, sdc, na ukubwa wake. Ile itakayochaguliwa hufutwa yote. Katika ofisi moja, jina kapuni, nilishuhudia fundi akichagua kwa kukisia, na picha za miaka miwili zikaondoka katika muda wa kukohoa. Hakukuwa na kelele wala moshi. Skrini ilisema kazi imekamilika.

Tangu siku hiyo nina alama moja ninayoipenda kuliko zote: fundi anayechomoa nyaya za diski za data kabla ya kuingiza DVD, na kuzirudisha baada ya programu kusimama. Diski iliyochomolewa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Ukiona mkono ukifanya hivyo bila kuambiwa, mwagizie chai.

Programu gani, mashine gani

Hapa usibishane sana. Majina mawili yanatosha kwa wasio na fedha za kununua leseni. TrueNAS ni mtoto wa FreeNAS, iliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Cochard-Labbé mwaka 2005. Hutumia mfumo wa kuhifadhi uitwao ZFS, ambao hukagua kila kipande cha data na kutambua kilichooza, lakini hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Openmediavault, ya Mjerumani Volker Theile, iko sokoni tangu 2011, imejengwa juu ya Debian, na huridhika na mashine kuukuu. Juu mlimani, ambako kila wati hutoka kwenye paneli ya jua, fundi mwenye hekima huanza na swali la betri, kisha ndipo ataje jina la programu.

Diski husema umri wake

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kununua diski sokoni.

Diski hutunza kumbukumbu zake zenyewe, na programu ya seva huzionyesha. Angalia saa ilizofanya kazi. Mwaka una saa 8,760. Diski uliyouziwa kuwa mpya ikisoma 26,000, imekesha karibu miaka mitatu kwenye mashine ya mtu mwingine. Angalia pia idadi ya sehemu zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zote ziwe sifuri. Zikianza kupanda, hata kwa moja moja, diski inaaga.

Kwa hiyo diski za data ziwe mbili, kila moja ikiandika anachoandika mwenzake. Lakini mpime fundi kwa neno hili: akikuambia kwamba diski pacha ni nakala ya akiba, mshukuru na umtafute mwingine. Ukifuta hati, pacha wote wawili wanaisahau papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba wote. Nyumba ikiungua, wameungua wote. Nakala ya akiba ni diski ya tatu, inayokaa chini ya paa jingine. Baraka nayo ina hatari zake. Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilitikisa mwambao wote huu. Basi nakala ya Bibokoboko iwe na ndugu Baraka, na ya Baraka iwe na ndugu kwingine.

Betri ya shilingi na mlango wa wazi

Ndani ya kila mashine kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya ukubwa wa sarafu, inayotunza saa umeme ukizimwa. Mjini ikifa, mashine huulizia saa mtandaoni. Mlimani hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo seva huamka ikidhani ni Januari mosi ya mwaka wa zamani, na hati za leo zinajipanga nyuma ya za juzi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ngoja nusu saa, washa, soma tarehe. Fundi wa kweli atakuwa na betri ya ziada mfukoni.

Kisha nenda kwenye ukurasa wa usimamizi. Openmediavault husimikwa ikiwa na jina la «admin» na neno la siri «openmediavault», yaliyoandikwa katika maelezo yake kwa kila anayesoma. Jaribu kuingia nayo. Yakikubali, fundi amejenga nyumba na kuacha ufunguo mlangoni.

Jaribio la mwisho

Mitihani yote hiyo ni ya kuchuja. Mtihani wenyewe ni mmoja, na fundi akiukataa usimlipe nusu iliyobaki.

Mwambie aketi, mikono mapajani. Muite atakayebaki na seva: katibu wa parokia, mwalimu, mke wa mchungaji, yeyote. Mpe diski tupu ya kusimikia programu badala ya ile iliyokwisha kusimikwa, DVD, na karatasi.

Nimeuona mtihani huo ukifanywa. «Mama Katibu, usiniangalie mimi,» fundi alimwambia, «fuata karatasi.» Mama akavaa miwani. Akasoma hatua ya kwanza kwa sauti: chomoa nyaya mbili zenye utepe mwekundu. Akazichomoa. Kwenye kibao cha herufi akachagua Kifaransa. Kwenye majira akachagua Lubumbashi. Kwenye diski, orodha ikaonyesha moja tu, kwa kuwa nyingine hazikuwamo, akacheka, «Hapa hata nikitaka kukosea sipati pa kukosea.» Saa moja baadaye alirudisha nyaya zenye utepe, akawasha, akafungua folda ya mwaka uliotangulia, na ukurasa wa ubatizo ukajitokeza, na wino wake uliofifia.

Fundi hakuwa amegusa kitu. Alimwomba kalamu, mama akamwambia angoje. Akaandika mwenyewe tarehe ya siku ile chini ya karatasi, akaikunja pamoja na DVD, akavuta droo.