Madoa ya Kanga

Katika kopo la bati lililokuwa la kahawa nina ncha 17 za kalamu ya moto. Ninazozitumia ni tatu. Zilizobaki nilizinunua kwa tamaa: kuna ya kupiga magamba ya samaki, kuna yenye umbo la nyota ambayo sijawahi kumpata mtu anayeihitaji, kuna mbili zinazofanana kabisa, na hata leo sikumbuki kwa nini nilizilipia zote. Humo humo kuna msumari wa inchi tatu, ambao si ncha ya kalamu yoyote, nitaufikia. Kila Desemba najiambia nitamgawia kijana anayeanza kazi zile 14 zisizo na shughuli, kisha nakumbuka kwamba kumpa anayeanza ncha 14 ni kumpotezea mwaka mzima.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Chuma chenye joto kinagusa mbao, mbao inageuka kahawia, na kahawia hiyo haifutiki. Msasa unaweza kuondoa kosa dogo, lakini unaondoka na mbao pia, na mtu akiinamisha sinia kwenye mwanga ataliona bonde ulilolichimba ukificha aibu yako. Kwa hiyo ncha huchaguliwa kabla ya mkono kushuka. Ukishagusa, umeshasema.

Mimi niliifahamu kazi hii kabla ya kujua kwamba kuna kalamu za umeme. Babu mzaa mama alikuwa na spoki mbili za baiskeli, kila moja imechomekwa kwenye gunzi la muhindi ili isimuunguze kiganja. Moja ilichongoka. Ya pili aliigonga kwa nyundo mpaka mdomo wake ukawa bapa kama ulimi wa mjusi. Kwa chuma kingine kinene alitoboa mipini ya majembe, kazi ya moshi na jasho. Kwa zile spoki alipamba vibuyu. Spoki ikitoka kwenye makaa hubeba moto wa shubiri moja tu, hivyo mstari ulianza mweusi, ukaenda ukififia, ukaishia rangi ya chai ya maziwa. Ukikishika kibuyu chake leo unaweza kuhesabu ni mara ngapi chuma kilirudi jikoni.

Nilidhani huo ni upungufu. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba mzee alikuwa akiutumia. Chuma kikitoka chekundu hakukigusisha na chochote. Alisubiri wekundu ufe, kwa sababu chuma chekundu huchoma kingo za mstari na kuziacha zina manyoya. Halafu alianza na michirizi minene, akaenda na ile ya kati, na chuma kilipokaribia kupoa ndipo alipotia vivuli vyepesi kwenye shingo ya kibuyu. Alikuwa na joto la kila aina katika spoki moja, mradi ajue lini.

Wengine hawakutaka kusubiri hivyo. Mwaka 1876 daktari wa Paris, Claude André Paquelin, alitoa kifaa cha kuchomea nyama za wagonjwa: ncha ya platini yenye uwazi ndani, iliyolishwa mvuke wa benzini kwa kubonyeza kipira kwa mkono, nayo ikabaki ya moto muda wote wa kazi. Wachoraji wa mbao wakaona kile walichokikosa, wakakiazima. Basi kalamu yangu ni jamaa wa kifaa cha hospitali. Sishangai. Kwetu neno chapa ni alama ya chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe, na pia ni kazi ya mtambo wa vitabu, na hakuna anayeona ajabu. Halafu mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh akapata hataza ya aloi ya nikeli na kromi, waya unaovumilia kuwaka na kupoa mara nyingi mno bila kuliwa. Waya wa ukoo huo umejaa majumbani mwetu, ndani ya hita na vibaniko vya mkate, na ndio uliokunjwa kuwa ncha zangu.

Kalamu ziko za koo mbili. Za ukoo wa kwanza zinafanana na chuma cha kulehemu redio: moto unazaliwa ndani ya mwili wa kalamu, na ncha ya shaba nyeupe inafungwa kwa skrubu mbele yake. Ni za bei nafuu, zinachukua dakika kadhaa kupata joto, na zikikutana na mbao yenye unyevu zinazubaa. Ukibadilisha ncha kabla haijapoa, meno ya skrubu yanalika au ncha inakatikia ndani. Najua, kwa sababu kalamu yangu ya kwanza ilikufa hivyo, koleo mkononi mwangu, mvua ikinyesha na mimi nina haraka isiyo na sababu. Za ukoo wa pili ncha yenyewe ndiyo waya, na umeme wa volti chache unaotoka kwenye transfoma unapita ndani yake. Joto linakuja kwa sekunde na kuondoka kwa sekunde. Pale waya ulipopondwa ukawa mwembamba, umeme hubanwa, na moto hukaa hapo hapo unapouhitaji, mbali na vidole. Mwenye kisagio kidogo na subira anaweza kuponda waya wake mwenyewe na kuupa umbo analotaka. Mimi nimejaribu, ncha mbili kati ya zile tatu ni za kununua.

Ya kwanza naiita kisu. Mdomo wake umekatwa mshazari, una kisigino na kidole. Ukiulaza wote unapata mstari ulionyooka kama uzi uliokazwa. Ukinyanyua kisigino ukabaki juu ya kidole, unaweza kukata kona hata ya jicho la ndege. Inanolewa kwa msasa laini kabisa kisha juu ya ngozi, na mkanda wa suruali uliochakaa unafaa kuliko kitu chochote cha dukani. Lakini isiwe kali kama wembe. Kisu kikali mno hukata mbao kabla ya kuichoma, na mchoro unabaki na mikwaruzo myeupe ambayo moto haukuifikia.

Ili kuielewa ncha hii, lazima mtu awatazame wachonga ndege wa pwani ya Maryland, Marekani. Kule bata wa mbao walianza kama mtego, wakiachwa waelee majini ili bata wa kweli washuke karibu na bunduki. Ndugu wawili wa mji wa Crisfield, Lem na Steve Ward, waliokuwa vinyozi, waliwachonga na kuwapaka rangi kwa ustadi ambao uliwatoa bata hao majini ukawapandisha kwenye rafu za majumba. Tangu 1971 kuna mashindano ya dunia ya wachonga ndege yanayobeba jina la ndugu hao. Mafundi wa leo wa sanaa hiyo hawaachi mwili wa ndege laini. Kila unyoya unachomwa uzi kwa uzi kwa ncha ya kisu, kutoka kwenye uti wa unyoya kwenda nje, kila uzi ukiwa na mpindo mdogo, na mkono unaanza kunyanyuka kabla mstari haujaisha ili uishe kwa kufifia. Katika inchi moja fundi mzuri hupitisha mistari 60 au 80, na wapo wanaopita hapo. Huanzia mkiani na kwenda kichwani, kama mtu anayeezeka makuti: safu ya chini kwanza, ya juu iilalie. Joto lao ni dogo kuliko unavyodhani, kwa sababu hawatafuti weusi. Wanatafuta mfereji mwembamba utakaoishika rangi nyepesi inayokuja baadaye.

Nilipoanza kuchoma manyoya kwa joto dogo ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikiivuta kalamu polepole ili mstari uwe mweusi, na kumbe upole huo ndio uliokuwa ukiunenepesha. Mkono una mwendo wake. Joto lipangwe kufuata mwendo huo, si mwendo kufuata joto. Ncha ikichafuka kwa masizi, mwendo unaharibika pia, kwa sababu masizi ni blanketi: yanazuia moto kutoka na yanakwama kwenye mbao. Kila baada ya mistari kadhaa naikwangua kwa mgongo wa kisu cha jikoni. Mke wangu alishaacha kuuliza kisu kiko wapi.

Ncha ya pili ni gololi, tone dogo la duara mwisho wa waya. Hiyo ndiyo ya kuandikia majina, maana haina upande. Unaigeuza unavyotaka, inazunguka herufi bila kung'ang'ania nyuzi za mbao. Sina mengi ya kuisifia zaidi ya hilo.

Ya tatu ni kijiko, na hapa ndipo ninapokaa siku nzima. Ni bapa iliyopinda kidogo, tumbo lake limeng'arishwa, nayo haichori mstari. Inapiga mbao pasi. Unaizungusha juu juu kama mtu anayepaka samli kwenye chapati, na rangi inapanda kidogo kidogo: mchanga, asali, karanga zilizokaangwa, kahawa. Kosa la kijiko ni kutua. Ukianza kwa kukiweka juu ya mbao na kusimama, hata kwa kufumba na kufumbua, kinaacha donge jeusi ambalo hakuna kivuli kitakacholimeza. Inabidi mkono uwe tayari unazunguka hewani kabla haujagusa, na uendelee kuzunguka baada ya kuondoka. Feni ndogo naiweka pembeni inyonye moshi kwenda dirishani, kamwe isiipulizie ncha, kwa kuwa kijiko kikipulizwa kinapoteza joto upande mmoja na kivuli kinatoka na mabaka.

Mbao nayo ina kauli. Msonobari una pete laini na pete ngumu zikipishana, ncha inazama hapa na kuruka pale, halafu utomvu unagandamana juu ya chuma. Wanaoanza huupenda kwa sababu ni rahisi kupatikana, na wengi huacha kazi kwa sababu yake. Mninga ni mzuri lakini una rangi yake tayari. Mpingo ndio kichekesho: wachonga vinyago wa Mwenge, hapa Dar es Salaam, wana mti unaotamaniwa ulimwenguni kote, na moto hauwezi kuandika chochote kwenye moyo wake mweusi. Unaandika tu kwenye ule ukanda mwepesi wa nje, uliozunguka moyo. Mimi nimeshikamana na muembe, wenye weupe wa kutosha na nyuzi zisizo na ukorofi mwingi. Mbao yenye rangi, vanishi au dawa siichomi, wala zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Moshi wa hizo si wa mapafu ya mtu.

Sasa msumari. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliagiza sinia la muembe lenye picha ya kanga, ndege mwenyewe, ampe binti yake siku ya kuagwa. Nilifurahi. Gololi yangu ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi ya maana, na ni ndege gani mwingine aliyejaa madoa kama kanga? Nikachora umbo kwa kisu, nikatia gololi moto, nikaanza kugonga: doa, doa, doa, kuanzia kifuani mpaka kwenye mkia. Umeme ulikatika mara moja, nikamalizia jioni. Nilipompelekea, alikaa nalo mapajani kimya.

"Fundi," akasema, "huyu ni kanga wa wapi mwenye madoa meusi? Wa kwetu wana madoa meupe."

Nilikuwa nimeona kanga maisha yangu yote. Nimewala. Mke wangu anajifunga kanga, vazi lililopewa jina la ndege huyo huyo. Na bado niliketi nusu siku nikichoma kile ambacho nilitakiwa nikiache.

Sinia la pili nilijaribu kuzunguka kila doa kwa kidole cha kisu, nikiacha kiduara cheupe katikati ya weusi. Baada ya madoa thelathini hivi mgongo ulikataa, na viduara vilikuwa kama meno yaliyong'oka, hakuna kilichofanana na mwenzake. Ndipo nilipochukua msumari wa inchi tatu, nikauviringisha ncha kwa tupa, nikaulainisha kwa msasa mpaka ukang'aa. Nikausimamisha juu ya mbao safi na kuugonga kidogo kwa nyundo, ukaacha kishimo cha mviringo. Nikapiga vishimo mwili mzima wa ndege, vikubwa ubavuni, vidogo kuelekea shingoni, mbao ikiwa bado haijaonja moto. Kisha nikapitisha kijiko, kwa joto la kati, tumbo likiteleza juu ya uso wa mbao. Popote palipokuwa na kishimo, kijiko kilivuka bila kugusa. Weusi ukapanda pande zote, na madoa yakabaki meupe chini yake, mamia kwa mamia.

Mama alipokuja kulichukua hakulitazama kwanza. Alipitisha kidole juu ya mgongo wa ndege, akarudisha, akapitisha tena.

"Kumbe yako ndani," akasema, akalifunga kwenye kitenge na kuondoka.