SHA: Kosa la Oktoba Mosi

NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya Kenya, haikupaswa kuzimwa Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi yake. Fundi yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo anajua kwamba mfumo wa zamani hauzimwi siku ileile ule mpya unapowashwa. Yote miwili huendeshwa sambamba, madai yakalinganishwa, kisha wa zamani ukaondolewa kaunti baada ya kaunti.

Mliona yaliyotokea kwenye dirisha la mapokezi hospitalini. Karani anaingiza namba ya kitambulisho, mfumo unauliza seva kuu kama mgonjwa ni mwanachama, na hakuna kinachosonga mpaka jibu lirudi. Halirudi. Anaanza upya. Wiki zile za kwanza, wagonjwa wa figo katika hospitali nyingi nchini waliambiwa walipe taslimu. Mtu anayetoka Gesima, kaunti ya Nyamira, kwenda kusafishwa damu Kisii hawezi kuisubiri seva, kwa sababu sumu mwilini haisubiri.

Seva kulemewa ni jambo la kawaida. Kosa ni kuifanya tiba itegemee jibu la papo hapo kutoka mbali. Foleni ya ujumbe ingetosha: hospitali inahifadhi ombi, inamhudumia mgonjwa, na mtandao ukirudi ombi linajituma. Kila dai likiwa na namba yake ya pekee, hakuna litakalolipwa mara mbili.

Si kila kitu kilikosewa: kuchagua FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana rekodi za afya, ni kazi safi.

Lakini tarehe! Mahakama Kuu ilibatilisha sheria za SHA Julai, Mahakama ya Rufani ikafungua njia Septemba, na Oktoba Mosi swichi ikabonyezwa. Mfumo wa kaunti 47 haujaribiwi hivyo. Nimelisema hili tangu 2013, programu ya tume ya uchaguzi, IEBC, ilipozidisha kura zilizokataliwa mara 8: majaribio ndiyo hukatwa kwanza tarehe ikiwa ya wanasiasa.

Waliotangulia walikuwa makini zaidi. Mwaka 2001, wataalamu wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana waliweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta ndani ya kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini, pamoja na betri za kuzilinda umeme ukipotea. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa rekodi wa AMPATH, mradi wa vyuo hivyo, na programu huria ya OpenMRS ikafuata. Walianza na mahali umeme unapokatika. SHA ilianza na makao makuu, na mpaka hospitali ya Gesima iweze kuthibitisha mwanachama bila intaneti, kazi ya kuunganisha haijakamilika.