Mkwara wenye hesabu

Nilimgawia Mzee karata mbili: mzungu wa nne wa shupaza na saba ya kopa. Akazichungulia, akazifunika kwa kiganja, akatabasamu kama aliyepewa samaki asiyemvua.

"Kumi na nne hizi, mjomba. Cheza."

Tulikuwa barazani Mikindani baada ya alasiri, mkeka chini, sufuria ya korosho ghafi kando. Mzee amezeekea kwenye wahedi wa sitini, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Katika mchezo ule ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumlisha karata zote unapata 120, na mwenye 61 keshashinda. Jina la mchezo limetoka hapohapo. Ni mchezo mkongwe wa Wareno, na ndiyo maana kijana wa kutoka Palma, Msumbiji, akivuka Ruvuma kuja Msimbati hahitaji mkalimani wa karata. Sisi tunasema kopa, uru, shupaza, pau na turufu. Yeye shuleni kwao alisikia copas, ouros, espadas, paus na trunfo.

Lakini siku ile hatukuwa tukicheza wahedi wa sitini. Nilikuwa namwonyesha Mzee karata alizoshika Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee, Mei 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas. Jina hilo la ukoo ni lake la kweli, wala hakujibatiza. Walikuwa wamebaki wawili tu katika fainali ya ubingwa wa dunia wa poka, yeye na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Lebanon. Wa kwanza angeondoka na dola 2,500,000, wa pili dola 1,300,000. Na zile pointi 14 za Mzee, katika poka, hazikuwa na thamani yoyote.

Ni mkono huo mmoja ninaotaka kuuchambua, kwa sababu vijiweni kwetu tunaamini mkwara ni uso. Mwenye sauti nzito, jicho kavu na mkono usiotetemeka ndiye mpiga mkwara hodari. Moneymaker alikuwa na miwani ya giza na kofia, akakaa kimya kama jiwe, na wengi waliotazama televisheni wakaondoka na picha hiyo. Mimi naona miwani haikufanya kazi kubwa. Kazi ilifanywa na mpangilio wa madau, na karata ambazo zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mashindano yenyewe. Kiingilio kilikuwa dola 10,000, na kila aliyelipa alipewa chipu 10,000, zile sarafu za mezani. Walioingia walikuwa 839, kwa hiyo chipu zote zilikuwa 8,390,000. Chipu hizo huwezi kuzibadilisha kuwa fedha ukaenda zako nyumbani. Zikikuishia umetoka, na malipo yako yanategemea umetoka wa ngapi. Juu ya hapo kuna dau la lazima, ambalo wachezaji hulipa kwa zamu kabla hata ya kuona karata, na hilo hupanda kadiri muda unavyokwenda. Anayesubiri karata nzuri tu huliwa polepole, kama mwambao unavyoliwa na maji.

Moneymaker hakulipa zile 10,000. Aliipata nafasi yake kwa kushinda shindano la mchujo kwenye intaneti lililomgharimu dola 86. Hapo ndipo hadithi yake ilipowapendeza watu, na hapo pia ndipo ilipoharibikia, kwa kuwa kila mtu alianza kuisimulia kama hadithi ya bahati.

Bahati ilikuwapo, na ni vizuri tuipime. Walipobaki wachezaji 10, Moneymaker alikuwa na ree na mzungu wa pili. Phil Ivey, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani, alikuwa na tisa mbili. Mezani zikafunguliwa karata tatu za wote: wazungu wa pili wawili na sita. Moneymaker akawa na wazungu wa pili watatu, yuko mbele sana. Karata ya nne ikawa tisa. Ghafla Ivey ana tisa tatu na wazungu wa pili wawili, mkono mzito zaidi. Ilibaki karata moja, na za kumwokoa Moneymaker zilikuwa 7 kati ya 44: mzungu wa pili mmoja, ree tatu, sita tatu. Hiyo ni kama mara 16 katika 100. Ikafunguliwa ree, na Ivey akatoka akiwa wa kumi.

Pale hapakuwa na ufundi wowote wa karata ya mwisho. Karata 37 zingemtia Moneymaker hasara kubwa, 7 zikamwokoa, ikaja mojawapo ya hizo 7. Anayemwita mtu wa bahati ana ushahidi wake.

Sasa turudi kwa zile pointi 14. Tukahesabu korosho, kila moja ikisimama kwa chipu 100,000.

Moneymaker, ambaye alikuwa mbele kwa chipu, akafungua kwa korosho 1. Farha akafuata kwa 1. Mkononi mwa Farha, ingawa mwenzake hakujua, kulikuwa na mzungu wa pili wa shupaza na tisa ya kopa. Zikafunguliwa karata tatu za wote: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Farha kapata pea ya tisa, ambayo kwa wakati ule ndiyo iliyokuwa mbele. Hata hivyo hakuweka kitu, na Moneymaker naye akapita.

Karata ya nne: nane ya shupaza. Hapa Mzee aliinama juu ya mkeka, maana alianza kuona. Shupaza zimekuwa tatu mezani. Mwenye shupaza mbili mkononi keshakamilisha tano za aina moja, mkono unaoiangusha pea yoyote. Tena mezani kuna sita, nane, tisa. Mwenye saba na kumi, au saba na tano, keshapata mfululizo.

Farha akaweka korosho 3. Moneymaker hakufuata tu. Akapandisha hadi 8.

Watazamaji wengi huhesabu mkwara kuanzia karata ya tano. Mimi nauhesabia hapa, na hapa haukuwa mkwara mtupu. Moneymaker alikuwa na mzungu wa nne wa shupaza, hivyo shupaza nyingine yoyote ingempa tano za aina moja, tena kubwa kuliko za Farha. Alikuwa na saba, hivyo kumi au tano yoyote ingempa mfululizo. Mzungu wa nne mwingine angempa pea kubwa kuliko tisa. Tukizijua karata za wote wawili, kama kamera zilivyowaonyesha watazamaji wa ESPN, zilibaki karata 44, na 17 kati yake zilikuwa zake: shupaza 8, kumi na tano zisizo shupaza 6, wazungu wa nne 3. Ni karibu mara 39 katika 100.

Kwa maneno ya barazani, alikuwa na njia mbili za kuzoa mkeka. Farha akikimbia, amezoa. Farha akifuata, bado kuna karata 17 za kumbeba. Anayepiga mkwara akiwa na akiba ya namna hii hategemei uso wake. Farha akafuata, na korosho mkekani zikafika 18, yaani chipu 1,800,000 na ushee.

Karata ya tano: tatu ya kopa. Haikumsaidia mtu. Akiba yote ya Moneymaker ikayeyuka; mkono wake bora ukawa mzungu wa nne peke yake, hata pea hana. Farha akapita. Moneymaker akasukuma chipu zote.

Kwa nini dau lile lilikuwa la kuaminika? Kwa sababu halikuwa neno jipya. Mtu mwenye shupaza mbili ndogo, au saba na kumi, angecheza vilevile: angefungua kwa kiasi kidogo, angepita alipokuwa bado anasubiri, angepandisha nane ya shupaza ilipompa alichokitaka, kisha angedai malipo yake yote mwishoni. Kila hatua ilikubaliana na iliyotangulia. Farha hakudanganywa na kauli moja. Alisomewa kisa kizima chenye mwanzo na mwisho.

Pia kuna jambo dogo ambalo jicho la haraka hulipita. Kwa kuwa mzungu wa nne wa shupaza alikuwa mkononi mwa Moneymaker, hakuweza kuwa mkononi mwa Farha. Mojawapo ya karata ambazo Farha angezihitaji ili awe na mkono wa kutisha ilikuwa imefungiwa upande wa pili wa meza. Karata hiyohiyo iliyoshindwa kumpa Moneymaker ushindi wa haki ilimpunguzia hatari ya kudanganya.

Kilichobaki ni bei. Ili kurahisisha hesabu, tuseme mkekani kwetu mimi ndiye Moneymaker na Mzee ndiye Farha aliyebakiwa na korosho 27, mara moja na nusu ya zile 18 zilizokuwa katikati. Nikisukuma zote, ninahatarisha 27 ili nipate 18. Mkwara wangu ukishindwa mara 2 katika 5 na kufaulu mara 3, sipati wala sipotezi: mara 3 za korosho 18 ni 54, na mara 2 za korosho 27 ni 54. Ukifaulu zaidi ya hapo, ninakula. Upande wa Mzee, anatakiwa atoe 27 ili azoe jumla ya 72. Kwa hiyo akiamini kwamba ninadanganya walau mara 3 katika 8, inampasa afuate hata kama roho inamwenda mbio. Hesabu hizi mbili ndizo mifupa ya mkwara. Sura ya mchezaji, kimya chake na miwani yake huongeza au kupunguza kidogo tu ndani yake.

Farha alifikiri sana. Aliongea, alimchokoza mwenzake, hata akakisia kwamba shupaza zake zilikuwa hazijakamilika, na alikisia kweli. Lakini kukisia hakulipi dau. Pea ya tisa ingeshinda mkwara tu. Mkono wowote wa haki ungeizidi, na kosa lingemgharimu ubingwa. Akazitupa karata.

Baada ya hapo Moneymaker alikuwa na wingi wa chipu wa kumlemea mwenzake, na mwisho haukuchelewa. Katika mkono wa mwisho alishika tano na nne, karata ambazo katika wahedi wa sitini hazina hata pointi moja. Farha alikuwa na mzungu wa tatu na kumi. Zikafunguliwa mzungu wa tatu, tano na nne. Farha akaona pea kubwa kuliko zote mezani, na chipu zote zikaingia. Zilikuwa zimebaki karata 5 tu za kumwokoa moja kwa moja kati ya 45: wazungu wa tatu 2 na kumi 3. Ikaja nane, kisha tano nyingine, na Moneymaker akawa bingwa.

Mwaka uliofuata walioingia shindano hilo walikuwa 2,576. Mwaka 2006 walifika 8,773. Wengi walikuja kwa sababu ya dola 86, si kwa sababu ya karata 17. Moneymaker mwenyewe aliacha uhasibu akawa mchezaji wa kulipwa. Alishika nafasi ya pili katika shindano la San Jose mwaka 2004, akashindwa fainali na Erik Seidel katika mashindano ya ana kwa ana ya taifa ya Marekani mwaka 2011, akaingizwa katika jumba la heshima la poka mwaka 2019. Ubingwa wa dunia hakuurudia. Kwa mtazamo wangu hilo haliupunguzii thamani mkono ule. Shindano moja lenye mamia ya watu halipimi ufundi wa mtu. Mkono mmoja uliochezwa hatua kwa hatua unaweza kuupima.

Barazani kwetu hakuna fedha mezani. Kamari wengi hapa wanaiona haramu, na anayeitaka kwa sheria ana Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake. Korosho zetu zilitoka kwenye sufuria na zilirudi kwenye sufuria.

Kabla hazijarudi, nilimfunulia Mzee karata za Farha. Akazihesabu kwa mazoea: mzungu wa pili, tisa. "Mbili tu? Basi huyu wa kumi na nne kashinda kwa haki, mkwara uko wapi?" Tukacheka mpaka wapita njia wakageuka. Kisha akataka turudie, safari hii yeye akae upande wa Farha na asizione karata zangu. Nikagawa upya, nikafungua karata tano moja baada ya nyingine, nikapandisha, na mwishoni nikasukuma korosho zangu zote mbele yake.

Nilitegemea ataniangalia usoni. Hakuniangalia. Aliinua kidole kunizuia nisiseme, akaanza kuhesabu zilizo katikati ya mkeka, moja moja, kisha akazigeukia zake.